Orodha ya wanachama ni ya nani?

Mwanachama anapoandika barua kuomba asamehewe ada ya mwaka, mara nyingi hueleza zaidi ya alichoulizwa. Atasema ameachishwa kazi, au anauguza mzazi, au yeye mwenyewe yuko kwenye matibabu na hajui atarudi kazini lini. Ni kawaida: anayeomba kusaidiwa huona afadhali aseme yote kuliko kudhaniwa anakwepa kulipa. Barua inamfikia mhazini. Mhazini anamtumia katibu, katibu anaiweka kwenye makabrasha ya kikao, makabrasha yanasambazwa kwa wajumbe wote wa kamati tendaji, na kikao kikiisha muhtasari unaandikwa kwamba fulani amesamehewa ada kwa kuwa anaumwa maradhi kadha wa kadha. Wiki haijaisha, ugonjwa wa mtu mmoja umeshafika kwenye barua pepe za kamati nzima. Baadhi ya wajumbe hao ni washindani wake kikazi. Mmoja wao huenda ndiye atakayemhoji siku akienda kuomba kazi.

Hapo hakuna mdukuzi aliyeingia wala nywila iliyoibwa. Kila mmoja ametimiza wajibu wake kama katiba ya chama inavyomtaka. Nimefanya kazi za uanachama kwenye vyama vya kitaaluma kwa muda mrefu, na nikiulizwa siri za wanachama huvujia wapi, jibu langu ni hilo: huvujia kwenye utaratibu wa kawaida, mikononi mwa watu wema, mchana kweupe. Ndiyo maana huwa siridhiki nikisoma sera ya faragha ya chama inayozungumzia seva na ulinzi wa tovuti tu, bila neno hata moja kuhusu makabrasha ya kikao.

Dawa ya lile la ada ni nyepesi. Mtu mmoja au wawili wapewe mamlaka ya kusoma maombi na kuamua kwa vigezo ambavyo kamati imeshavipitisha. Kamati iletewe idadi na jumla ya fedha: maombi mangapi yamekubaliwa, mangapi yamekataliwa, mapato yamepungua kwa kiasi gani. Mkaguzi wa hesabu akitaka uthibitisho, aonyeshwe faili palepale ofisini. Fomu ya maombi nayo isiandike "eleza sababu" na kumwachia mtu nusu ukurasa mtupu. Iweke visanduku vichache vya kutia alama, hana ajira, afya, sababu nyingine, basi. Nafasi tupu humvuta mtu aseme asichohitaji kusema.

Kuna wanaodhani kwamba orodha ya wanachama wa chama cha wahandisi, wauguzi, wakutubi au wahasibu haina siri yoyote. Hoja yao ni kwamba mwanachama mwenyewe huutaja uanachama wake kwenye wasifu wake wa kazi, tena kwa fahari. Ni kweli. Ila mtu kujitaja ni jambo moja, na chama kumtaja ni jambo lingine. Akijitaja, amechagua amwambie nani, lini na kwa sababu gani. Chama kikimtaja kimemchagulia.

Jinsi orodha ya majina inavyoweza kuwa nzito ilishapimwa mahakamani. Mwaka 1956 serikali ya jimbo la Alabama nchini Marekani ilikishtaki chama cha NAACP, kilichokuwa kikipigania haki za Wamarekani weusi, na mahakama ya jimbo ikakiamuru kitoe nyaraka zake pamoja na majina na anwani za wanachama wote wa Alabama. Chama kilikubali kutoa sehemu kubwa ya kilichodaiwa, yakiwemo majina ya viongozi wake. Majina ya wanachama wa kawaida kiliyakatalia katakata, kikatozwa faini ya dola 100,000 kwa kukaidi amri. Tarehe 30 Juni 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba jimbo halikuwa na haki ya kuyapata. Chama kilikuwa kimeonyesha kwamba wanachama waliojulikana huko nyuma walifukuzwa kazi, wakabanwa kiuchumi na wakatishiwa maisha. Mahakama iliona jambo ambalo makatibu wengi hawalioni mpaka leo: uhuru wa kujiunga na wenzako hauna maana ikiwa orodha inaweza kuchukuliwa na anayekuchukia.

Kisa cha Uingereza ni cha juzijuzi zaidi, na kwangu kinatisha kwa namna nyingine kwa sababu kilihusu kazi za watu. Mwaka 2009 maafisa wa ofisi ya Kamishna wa Taarifa, iliyosimamia ulinzi wa taarifa binafsi nchini humo, walivamia ofisi ya taasisi iliyojiita The Consulting Association na kukuta kumbukumbu za wafanyakazi 3,213 wa sekta ya ujenzi. Makampuni makubwa zaidi ya arobaini yalikuwa yakilipa ili kuulizia jina la mtu kabla ya kumwajiri. Kwenye kumbukumbu hizo mliandikwa nani ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, nani alilalamikia usalama kazini, nani ni "msumbufu". Watu walikaa miaka bila kazi na hawakujua kwa nini kila mlango unafungwa. Ukikisoma kisa hicho unaelewa kwa nini Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, iliuweka uanachama wa chama cha wafanyakazi kwenye kundi moja na afya, dini na siasa za mtu, yaani taarifa nyeti zinazotaka sababu maalumu kabla ya kuguswa.

Chama cha kitaaluma si chama cha wafanyakazi. Lakini fikiria kilicho ndani ya mafaili yake. Kuna aliyepiga simu kuomba ushauri wa maadili kwa sababu bosi wake anamshurutisha kusaini ripoti ya uongo. Kuna aliyejiandikisha kwenye semina ya kukabili ulevi. Kuna aliyejiunga na mtandao wa wanachama wenye ulemavu ambao hauonekani kwa macho, na kazini kwake hajamwambia mtu. Jina na simu yake huenda viko kila mahali. Kinachomwumiza kikitoka ni ile safu ya tatu kwenye jedwali, inayosema alifuata nini kwenye chama.

Kwa hiyo mimi huanzia kwenye fomu ya kujiunga, kwa kuwa ambacho hakikukusanywa hakiwezi kuvuja. Naipitia mstari kwa mstari nikiuliza: hii ataitumia nani, na lini? Tarehe ya kuzaliwa ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Ukiuliza kwa nini inatakiwa, utaambiwa ni kwa ajili ya punguzo la wastaafu, au kuwatofautisha wenye majina yanayofanana. Kwa punguzo, mwaka wa kuzaliwa unatosha. Kwa majina, namba ya uanachama inatosha na kubaki. Siku na mwezi havina kazi, isipokuwa kama chama hutuma salamu za kuzaliwa, na salamu hizo hazistahili hatari yake. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe kamili ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Fomu nyingi za vyama zina vyote vitatu kwenye ukurasa wa kwanza. Halafu chama kinampa mtafiti wa soko jedwali "lisilo na majina" na kuamini kwamba kimelinda wanachama wake.

Nakala ya kitambulisho ni ya pili. Hutakiwa ili kuthibitisha kwamba mwombaji ndiye mwenye vyeti. Sawa, thibitisha. Ukishathibitisha, andika kwamba kitambulisho kimeonekana, tarehe gani na nani aliyekiona, kisha nakala iharibiwe. Nimeona makabati yaliyojaa nakala za vitambulisho vya watu waliojiunga kabla viongozi wa sasa hawajamaliza shule. Hakuna atakayezisoma tena kwa nia njema. Hali ya ndoa na dini sina la kuvisemea, vifutwe. Takwimu za jinsia zinazotakiwa na wafadhili au kwa ripoti ya mwaka zinaweza kukusanywa kwa dodoso la pembeni lisilo na jina.

Wapo watakaosema kwamba chama kikificha kila kitu, umma utajuaje kama daktari au mhandisi anayejitambulisha hivyo ni wa kweli? Hoja hii ina nguvu na naiheshimu. Pale ambapo chama kimepewa na sheria kazi ya kusajili wanataaluma, sajili lazima iwe wazi, na iwe rahisi kutafutwa na mgonjwa au mteja yeyote bila kuomba ruhusa. Jina, namba ya usajili, fani, kama usajili uko hai, na kama kuna masharti au adhabu inayoendelea: hayo ni haki ya umma. Shida huanza pale sajili ya umma inapochapwa moja kwa moja kutoka kwenye daftari la ndani, na anwani ya nyumbani ikatoka nayo kwa sababu mtu huyo hana ofisi na alijaza ya nyumbani. Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili na kuhama mji anaweza kupatikana kwa dakika moja kupitia chama chake mwenyewe. Vitu hivi viwili vitenganishwe tangu mwanzo, kila kimoja na safu zake, na mwanachama aone kwenye fomu, kabla hajajaza, ni safu ipi itasomwa na dunia nzima.

Wadhamini wanataka jicho la peke yake. Mikutano ya kitaaluma ni ghali, na bila makampuni yanayokodi vibanda ada ya kuhudhuria ingekuwa juu zaidi. Sina ugomvi na udhamini. Ugomvi wangu ni ule mstari kwenye mkataba unaosema kwamba mdhamini wa daraja la juu atapewa orodha ya wahudhuriaji pamoja na mawasiliano. Mwanachama alijiandikisha ili asikilize mada na apate pointi zake za mafunzo endelevu. Miezi miwili baadaye anapigiwa simu na watu wa mauzo asiowajua, akifikiri simu yake imedukuliwa. Akiuliza, anaonyeshwa kisanduku cha ridhaa ambacho kilikuwa tayari kimetiwa alama alipofungua ukurasa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishasema mnamo Oktoba 2019 kwamba kisanduku cha namna hiyo si ridhaa. Mtu lazima atie alama mwenyewe. Njia iliyo bora ipo, na vyama kadhaa huitumia: mdhamini anaandika ujumbe wake, chama kinautuma kwa wanachama waliokubali kupokea matangazo, na orodha haitoki nje ya chama hata kidogo. Mdhamini akisusa kwa sababu hiyo, alikuwa ananunua orodha tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanikera kuliko yote, nalo ni nakala.

Vyama vingi vinaendeshwa na watu wanaojitolea, wenye ajira zao kwingine, na uongozi hubadilika kila baada ya uchaguzi. Katibu mpya anaomba orodha. Anatumiwa faili la Excel kwenye barua pepe yake binafsi, kwa sababu chama hakijamfungulia ya ofisi. Analipakua kwenye kompyuta ya kazini kwake. Anamtumia mwenyekiti wa tawi, anayelihifadhi kwenye simu. Mratibu wa semina anaomba lake, analiongezea safu ya "hajalipa". Baada ya mihula michache, chama chenye daftari moja rasmi kina mafaili ishirini yanayozunguka, hakuna mawili yanayolingana, na nusu yake yako kwa watu ambao hawana tena cheo chochote. Mwanachama akiomba namba yake ifutwe, inafutwa kwenye daftari rasmi na kubaki kwenye mengine yote. Anaendelea kutumiwa ujumbe, na anaamini kwamba chama kimempuuza makusudi.

Na uchaguzi wenyewe? Mgombea aliye madarakani ana orodha. Anaweza kumwandikia kila mpiga kura usiku wa kuamkia siku ya kura. Mpinzani wake hana. Watu hulalamika kwamba uchaguzi wa chama haukuwa wa haki na huangalia visanduku vya kura, ilhali upendeleo ulishafanyika wiki tatu kabla, kwenye simu za wanachama. Hapa faragha na demokrasia ya chama zinagusana, na nadhani hata asiyejali faragha angepaswa kujali hili. Kanuni iwe kwamba wagombea wote wanatuma ujumbe wao kupitia sekretarieti, idadi sawa, urefu sawa, na hakuna anayekabidhiwa orodha, awe ni rais wa chama anayetetea kiti chake.

Makabidhiano ya ofisi yanahitaji karatasi. Anayeondoka asaini kwamba amefuta nakala zote alizokuwa nazo kwenye vifaa vyake. Anayeingia afunguliwe akaunti ya cheo, si ya jina lake, ili barua za wanachama zibaki kwenye kiti. Anayehitaji orodha apewe sehemu anayohitaji tu: mratibu wa semina ya tawi moja hana haja na wanachama wa matawi yote. Na mfumo uandike nani amepakua nini na siku gani. Kamati nyingi huliona hili kama kutoaminiana. Nakataa. Mhazini hutoa risiti kwa kila senti na hakuna anayesema kwamba anatuhumiwa wizi.

Makundi ya WhatsApp nayataja kwa kifupi, maana kila mtu anayajua. Ukimwongeza mwanachama kwenye kundi la watu mia tatu, umewapa watu mia tatu namba yake. Mtumie kiungo, aingie mwenyewe akitaka. Vivyo hivyo barua pepe inayotumwa kwa wote huku anwani za wote zikionekana. Kosa hilo ni dogo mpaka siku inapotumwa kwa walioshindwa mtihani wa usajili, au kwa wanaodaiwa ada.

Kuhusu teknolojia yenyewe nitasema jambo moja. Chama kikikodi programu ya kutunza wanachama, kinakuwa kimekodi pia tabia za kampuni inayoiuza. Kati ya Februari na Mei 2020 wahalifu waliingia kwenye mifumo ya Blackbaud, kampuni ya Marekani inayohudumia mashirika ya hisani, vyuo na shule. Wateja waliarifiwa Julai. Mwanzoni waliambiwa kwamba namba za akaunti za benki hazikuguswa. Baadaye kampuni ikakiri kwamba kwa baadhi yao ziliguswa. Mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 49.5 ili kumaliza madai ya majimbo 49 ya Marekani pamoja na Washington, D.C. Lililonishtua ni lililosemwa baadaye na tume ya biashara ya Marekani: kampuni ilikuwa imehifadhi kwa miaka taarifa za wateja waliokwisha kuachana nayo. Kuna mashirika yaliyohama zamani na bado watu wao walikuwa mle. Ndiyo maana kwenye mkataba wa programu mimi huanza na ukurasa wa mwisho, unaosema tukiachana itakuwaje, taarifa zitarudishwa kwa namna gani na zitafutwa ndani ya siku ngapi, na nani atathibitisha kwa maandishi.

Taarifa zikivuja, sheria ya Ulaya inatoa saa 72 za kumjulisha mdhibiti, yaani mamlaka inayosimamia ulinzi wa data, tangu chama kijue, isipokuwa pale ambapo uvujaji hauelekei kumdhuru mtu. Saa hizo ni chache sana kwa kamati inayokutana mara moja kwa robo mwaka. Lazima ijulikane mapema nani ana ruhusa ya kuamua bila kusubiri kikao. Na wanachama waambiwe nini hasa kimetoka. "Baadhi ya taarifa" si jibu. Mtu anayeambiwa kwamba ni barua pepe tu atabadilisha nywila. Anayeambiwa kwamba ni barua yake ya kuomba kusamehewa ada atajiandaa kwa mazungumzo na mwajiri wake.

Kuna haki moja ambayo wanachama hawaitumii, nayo ni kuomba kuona faili lako. Iko kwenye sheria ya Ulaya, ambako chama kina mwezi mmoja wa kujibu, na iko kwenye sheria za Kenya na Uganda za mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Ombi halihitaji wakili. Barua fupi inatosha: naomba nakala ya taarifa zote mlizonazo kunihusu, mlizipata wapi, na mmempa nani. Swali la tatu ndilo lenye kazi, kwa kuwa litakilazimisha chama kuyatafuta yale mafaili ishirini.

Penye uzito zaidi ni mafaili ya nidhamu. Malalamiko dhidi ya mwanataaluma lazima yachunguzwe, na mlalamikaji naye ana siri zake. Mgonjwa aliyemlalamikia daktari hawezi kuanikwa kwa sababu daktari ameomba faili. Majina hufunikwa, ushahidi wa wengine hutengwa. Lakini maoni ya wajumbe kuhusu mwanachama mwenyewe, yale yanayoandikwa pembezoni mwa karatasi na kwenye ujumbe wa usiku, kwa kawaida ni taarifa zake binafsi na anaweza kuyadai. Huwa nawaambia wajumbe wapya wa kamati ya nidhamu hivyo siku yao ya kwanza, kabla hawajapewa faili lolote. Na lalamiko likitupwa kwa kukosa msingi, kanuni ziseme litatunzwa kwa muda gani na litafutwa lini, kisha mtu mwenye jina na cheo apewe kazi ya kulifuta siku hiyo, na kamati iulizwe kwenye kikao kinachofuata kama limefutwa.